Deni la Kuitikia: Historia ya Adabu katika Milima ya Buha

Salamu maarufu kuliko zote zilizowahi kutolewa katika nchi ya Waha haikutolewa na Muha. Ilitoka kinywani mwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipoingia Ujiji mwezi Novemba 1871, tarehe 10 kwa hesabu yake mwenyewe, akamkuta David Livingstone amesimama mbele ya Waarabu na Waswahili wa mji ule. Stanley anaeleza katika kitabu chake kwamba alitamani kumkimbilia mzee yule na kumkumbatia, lakini akaogopa. Hakujua Mwingereza angempokea vipi, tena mbele ya watu. Basi akavua kofia, akauliza kwa maneno machache kama huyo ndiye Daktari Livingstone. Wasomaji wa Kiingereza wameyarudia maneno hayo kwa miaka zaidi ya 150, ingawa kurasa za shajara yake zilizohusu siku hiyo zimechanwa, na Tim Jeal, aliyeandika wasifu wake, anatoa hoja kwamba huenda maneno yenyewe yalitungwa baadaye.

Kilichofuata dakika chache baadaye husimuliwa mara chache, nacho ndicho chenye uzito. Wageni na wenyeji waliketi barazani kwa Livingstone, wakaulizana hali. Kisha Waarabu wakainuka wakaaga, bila kuombwa, wakiona kwamba watu wawili waliotoka mbali kiasi kile wanahitaji kuachwa wazungumze. Stanley mwenyewe aliliona jambo hilo akalisifu. Mfuko wa barua ulipoletwa, Livingstone aliufungua, akasoma moja mbili kutoka kwa wanawe, kisha akauweka magotini na kumwomba mgeni ampe habari za dunia. Stanley akamsihi asome barua zake kwanza. Mzee akajibu kwamba amezisubiri miaka mingi na kungoja kidogo zaidi hakutamdhuru. Haukupita muda, sahani zikaanza kuingia: Said bin Majid alileta maandazi ya nyama ya moto, Mohammed bin Sali mchuzi wa kuku, Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali. Huyo Said bin Majid ndiye aliyekuwa amejitolea, muda mfupi kabla, kuuza pembe za ndovu zake ili Livingstone, aliyeibiwa bidhaa zake zote, apate cha kujikimu.

Tukiipima adabu ya siku ile kwa maneno, Stanley ndiye mshindi. Tukiipima kwa alichopokea mwenzako baada ya salamu, ushindi ni wa walioondoka barazani na waliopeleka chakula. Hoja yangu katika historia hii ni kwamba kipimo cha pili ndicho sahihi, na kwamba milima ya Buha, yaani nchi ya Waha, kuanzia Kitanga kwenye mpaka wa Burundi hadi Kasulu na Kibondo, inatoa ushahidi wa kutosha wa miaka 150 kuthibitisha hivyo. Adabu ni deni la pande mbili. Anayesalimiwa anadaiwa, tena mkubwa anadaiwa zaidi ya mdogo. Kila mara nyakati zilipofuta deni la mkubwa na kuacha la mdogo peke yake, kilichobaki kilikuwa woga uliovaa nguo za heshima, na haukudumu. Wanaolalamika leo kwamba vijana hawana adabu ofisini, kwenye simu na mitaani wangefanya vema kuangalia kwanza ni upande upi ulioacha kulipa.

Pingamizi la kwanza linakuja hata kabla hatujaondoka Ujiji. Waungwana wale waliopika wali wa mbuzi walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Mateka waliofungwa minyororo walipita katika soko la Ujiji, na hakuna aliyewaondokea barazani wala kuwapelekea sahani. Ni kweli, na ukweli huo haupunguzwi na ukarimu wowote. Lakini hauvunji hoja, unaonyesha mpaka wake. Ustaarabu wa Ujiji ulikuwa kamili miongoni mwa watu waliotambuana kuwa na haki ya kujibiwa, na ulikuwa si kitu kwa aliyenyimwa haki hiyo. Mtumwa alisalimu, hakuitikiwa. Swali la kuuliza katika kila kipindi ni nani aliyetolewa nje ya duara la wanaoitikiwa, na kwa amri ya nani.

Tupande sasa milimani. Nchi ya Waha haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru na Bushingo upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, Luguru, na Ujiji yenyewe. Waami walitoka katika koo za Watusi, wafugaji. Wengi wa raia walikuwa wakulima. Pembeni ya mwami alikuwepo mteko, kuhani wa ardhi, aliyekuwa mwenyeji wa bonde au kilima chake kabla ya enzi ya mwami. Huyo ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba na kufanya matambiko ya ardhi, na mwami mwenye busara hakumpuuza. Heshima aliyopewa mwami kwa hiyo haikuelea hewani: nyuma yake palikuwa na mtu mwingine ambaye mwami naye alipaswa kumheshimu.

Salamu ya nchi hiyo ilifanywa kwa mikono na kwa mwili mzima. Wanaokutana njiani asubuhi husimama. Mmoja huinama kidogo, hupiga makofi mepesi ya viganja vilivyokunjwa nusu, na kusema Mwakeye; mwenzake huitikia huku naye akipiga makofi. Kisha huja maswali ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya shamba, kila swali likifuatwa na jibu lake na makofi yake, mpaka sauti inashuka yenyewe na mazungumzo ya shughuli yanaanza. Mgeni huiona kama sherehe ndefu isiyo na kazi. Ukitazama kwa karibu utaona kazi yake: mikono ya wote wawili iko wazi na haina silaha, miguu ya wote wawili imesimama, na hakuna anayeweza kumaliza peke yake. Mkubwa asiyepiga makofi ya kujibu anaonekana na kila apitaye. Vivyo hivyo kwenye mtungi wa pombe ya ndizi au ya mtama, ambao watu wa nchi za Maziwa Makuu walizoea kuunywa pamoja kwa mirija: mwenyeji huonja kwanza, ndipo amkaribishe mgeni. Anayetoa ndiye anayeanza kujiweka hatarini.

Hata ukabaila wa mifugo ulijengwa juu ya sura hiyo. Katika ubugabire, mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu asiye na ng'ombe mnyama wa kutunza. Aliyepewa alipata maziwa, mbolea na kinga ya bwana wake, naye akarudisha kazi, pombe na utii. Hapa pana pingamizi zito kuliko la kwanza. Msomaji wa leo atasema huu ulikuwa utwana, na kwamba makofi ya mkulima mbele ya Mtusi yalikuwa makofi ya mtu asiye na hiari. Sina haja ya kubisha kwamba mizani iliinama. Bwana alikuwa na mengi zaidi ya kumnyima mtu wake kuliko mtu wake alivyokuwa na ya kumnyima bwana. Ila mkataba ule ulikuwa na sauti mbili. Bwana asiyetoa kinga, asiyefika msibani, asiyegawa pombe, aliweza kuachwa, kwa sababu mlima uliofuata ulikuwa na bwana mwingine na ardhi haikuwa adimu. Na mfumo wenyewe ulififia wakati wa Waingereza, fedha ya kibarua na ya mazao ilipompa mkulima njia ya kupata ng'ombe bila kuinama. Utii ambao haukuwa tena na malipo ulikoma. Hilo ndilo ningependa lionekane: watu wa Buha hawakuacha kusalimiana kwa makofi ubugabire ulipokufa. Walichoacha ni kuinama kusikojibiwa.

Siku chache kabla ya kufika Ujiji, Stanley alikuwa amejifunza upande mwingine wa adabu hiyo, na hakuupenda. Misafara iliyopita Buha ililipa hongo kwa wakubwa wa njia. Mionvu, mkubwa wa Kimenyi, alidai nguo 100. Baada ya mabishano marefu wakapatana 75. Stanley aliona ni unyang'anyi, na wasomaji wake wakaona hivyo pia. Kwa mwenye nchi, msafara wa mamia ya watu wenye bunduki, wanaokunywa maji ya kisima chake, wanaokata kuni zake na kukanyaga mtama wake, ulipaswa kubisha hodi, na hodi ya msafara ilikuwa nguo. Kufikia hapo haki iko kwa Mionvu. Lakini kulipokucha Stanley akadaiwa tena na mkubwa mwingine, akaambiwa mbele wapo wengine zaidi. Mlipaji alikuwa ametoa, kitu alicholipia, yaani kupita kwa amani, hakikutolewa. Matokeo yake ni kwamba akatafuta kiongozi wa njia, akanunua nafaka ya siku kadhaa, na usiku wa manane msafara ukatoka kijijini kwa vikundi vidogo, ukakata porini. Mwanamke mmoja wa msafara alipopiga kelele, walimfunga kitambaa mdomoni. Waha hawakupata tena hata nguo moja kutoka kwake. Mkubwa anayepokea bila kurudisha humfundisha mgeni kupita usiku.

Wajerumani walijenga kituo Ujiji mwaka 1896, na reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 na kukaa hadi 1921, Waingereza walipoichukua. Katika tawala zote tatu ilikuwepo adabu moja iliyofundishwa kwa kiboko: Mwafrika alitakiwa kuvua kofia na kusimama Mzungu apitapo, na Mzungu hakudaiwa chochote. Waingereza waliongeza jambo la hila zaidi. Kwa utawala wao wa kupitia machifu, uliowekwa kisheria mwaka 1926, waliwatambua waami wa Buha kama watumishi wa serikali wenye mshahara na wajibu wa kukusanya kodi. Makofi mbele ya mwami yaliendelea, lakini mwami sasa alilishwa na boma. Hakuhitaji tena mteko wala mgawo wa pombe ili abaki kitini. Deni la mkubwa lilihamishiwa kwingine. Miaka ya 1930, watu wa Kibondo walipohamishwa kutoka kaya zao zilizotawanyika na kukusanywa katika makazi ya kuepuka malale, waliopewa kazi ya kuwaambia watu wahame walikuwa wakubwa hao hao waliosalimiwa kwa heshima.

Kisha vijana wakaondoka. Serikali ya kikoloni iliiacha Kigoma bila mazao makubwa ya biashara, ikawa ghala la vibarua. Waha walipanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 chama cha waajiri cha SILABU kikawa kinawaandikisha na kuwasafirisha kwa maelfu. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na aliitwa kwayo. Fikiria umbali kati ya mambo mawili hayo. Mtu aliyetoka mahali ambapo haijuzu kumpita jirani bila kumuuliza hali ya mama yake, akaingia mahali ambapo msimamizi asubuhi husoma tarakimu, naye huitika. Huku ni kuitikia kwa namna mbaya kabisa, maana anayeita haulizi kitu wala hangoji habari. Watu wa pwani na wa miji nao waliwadharau manamba kwa lafudhi yao na mavazi yao, na dharau hiyo imebaki katika mizaha inayotupwa kwa Waha hadi leo, ambayo ni wakati iishe. Waliorudi walirudi na Kiswahili, na shikamoo, na kaptula za kaki. Salamu ya Kiswahili ikakaa kando ya ile ya makofi, kila moja na saa yake.

Katika miaka hiyo hiyo Heru ilipata mwami mwanamke, Theresa Ntare, aliyetawala kuanzia miaka ya 1940 hadi uchifu ulipofutwa mwaka 1963, na aliyejulikana pia katika siasa za kuelekea uhuru. Namtaja kwa sababu moja. Husemwa kwamba adabu za asili ni jela ya wanawake, kwa kuwa mwanamke hupiga goti na mwanamume hasimami. Mara nyingi ni kweli, na mahali popote goti hilo linapolazimishwa linastahili kukataliwa. Lakini Heru wanaume walimpigia makofi mwanamke, na wazee hawakusema mila imeharibika. Mila ilikuwa na nafasi ya kutosha kumweka mwanamke upande wa kuheshimiwa. Kilichokosekana mahali pengi ni nia. Anayetaka kuliondoa goti hana haja ya kuiondoa salamu. Aigeuze, wote wawili wainame au wote wawili wasimame.

Uhuru ulileta jibu lake kwa swali la zamani, na lilikuwa jibu jema. Chama cha TANU kiliwaita watu wote ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waziri alikuwa ndugu, katibu tarafa ndugu, mkulima wa Kitanga ndugu. Kwa mara ya kwanza tangu Wajerumani, lugha ya serikali ilimweka mtawala na mtawaliwa kwenye mstari mmoja wa kuitana. Majirani wa nyumba kumi walikuwa na balozi wao, mtu waliyemjua kwa jina na kwa mlango. Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Waha walikuwa wakikaa katika kaya zilizotawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake. Wakahamishiwa vijiji vilivyopangwa kandokando ya barabara, na mwaka uliofuata Rais Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Wengine walihama kwa hiari, wengine nyumba zao zilibomolewa. Neno lililotumika kuwaamuru lilikuwa lile lile, ndugu. Mtu aliyeitwa ndugu asubuhi na kuezuliwa paa mchana alijifunza kwamba jina zuri lisilo na mjadala nyuma yake ni sawa na kuvua kofia kwa lazima. Sisemi vijiji havikuleta shule, maji na zahanati. Vilileta, na wengi wa wanaosoma leo Kasulu na Kibondo wana deni la shukrani kwavyo. Nasema adabu ya kisiasa ya ndugu ilidhoofika kwa namna ilivyotumika, na kufikia miaka ya 1990 mheshimiwa alikuwa amerudi kitini pasipo mtu kupigana naye.

Milima hii ikapata kipimo kingine, kigumu kuliko vyote. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, na tena kwa mamia ya maelfu baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kambi zilifunguliwa Kibondo na Kasulu; Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 ilipokea Warundi pia, pamoja na Nduta iliyofunguliwa upya. Kiha na Kirundi vinaelewana, na salamu ya mkimbizi ilipokelewa na mwenyeji bila mkalimani. Vijiji vya mpakani viliwapokea watu majumbani kabla ya kambi kuwapo. Ndani ya kambi utaratibu ukawa mwingine: kadi ya mgawo, kipaza sauti, foleni, na tarakimu ya familia. Namba inasaidia kugawa unga kwa haki kwa watu zaidi ya laki moja, na hakuna aliyewahi kuonyesha njia bora ya kufanya hivyo. Pamoja na hayo, mzee aliyekuwa mwenye kilima chake Burundi sasa aliitwa kwa namba na kijana wa umri wa mjukuu wake, kama babu wa jirani yake Muha alivyoitwa shambani Tanga. Urafiki wa wenyeji na wageni ulichakaa kadiri miaka ilivyokwenda, kuni zilipopungua na uhalifu ulipoongezeka, na wakimbizi wakaanza kusemwa kwa wingi kana kwamba wote ni mtu mmoja. Pale watu wanapoacha kuulizana majina ndipo uvumi unapopata nafasi.

Kambi zilileta pia ofisi. Kasulu na Kibondo zilijaa mashirika, magari meupe, semina na ajira, na pamoja nazo adabu ya kisasa ya kazini: kadi ya jina kifuani, mkutano wenye ajenda, barua pepe yenye salamu ya mstari mmoja. Upande wa serikali kuna Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa ukutani. Karatasi hizo ni nzuri. Zinasema mteja asikilizwe, ajibiwe kwa wakati, ahudumiwe kwa heshima. Kinachotokea dirishani ni suala lingine. Mwanamke aliyetembea kutoka kijijini tangu alfajiri anasalimu, Shikamoo. Anayehudumia hainui macho kwenye simu yake. Anaambiwa asubiri pale, au mtandao unasumbua, au arudi kesho. Hakuna tusi lililotamkwa, na mkataba ukutani haujavunjwa kwa neno lolote linaloweza kunukuliwa. Lakini salamu imetolewa, haikujibiwa, na kwa kipimo cha mlima alikotoka yule mama, hilo ndilo tusi lenyewe.

Atajibu mwenye dirisha: foleni ina watu hamsini, nikimwuliza kila mmoja habari za watoto na mbuzi, wa mwisho atahudumiwa lini? Hoja hii ina nguvu na inastahili jibu la hesabu. Marahaba ni neno moja. Kuuliza jina kabla ya kuuliza namba ya fomu kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta fomu yenyewe. Salamu ndefu ya njiani ilikuwa na mahali pake, kati ya watu wawili wasio na foleni nyuma yao, na wazee wenyewe walijua kufupisha palipo na msiba au mvua. Tena ofisi hizo hizo hazina ubahili wa muda zinapomngoja mkubwa. Wanakijiji huitwa uwanjani saa tatu, mgeni rasmi akafika saa sita. Kisha mzungumzaji wa kwanza husema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, wenye viti vya plastiki kivulini, hadi jua linapowapiga waliosimama. Waliosimama hawatajwi. Anayeweza kutumia robo saa kuwataja watu ishirini hawezi kusema hana sekunde tano za kumjibu mmoja.

Nao vijana? Wanashutumiwa kwamba mambo na poa zimeua shikamoo, kwamba simu imewafanya viziwi mezani, kwamba wanabipu badala ya kubisha hodi. Nikitazama kwa karibu naona kinyume cha wanavyosemwa. Katika magrupu ya WhatsApp ya ukoo na ya shule walizosoma Kasulu au Kabanga, kosa kubwa kuliko yote ni kusoma ujumbe na kunyamaza. Tiki mbili za buluu bila jibu huzua ugomvi kati ya dada na kaka, kati ya mwajiri na mwajiriwa. Kijana asiyejua makofi ya babu yake analijua deni la kuitikia kwa ukali ule ule. Anachokataa ni kuinama mahali ambapo ana uhakika hatajibiwa, na katika hilo anafanana na wakulima waliouacha ubugabire. Asiyemjibu mzazi wake ana kosa, sina shaka, na hapo hakuna historia ya kumtetea. Ila kabla ya kumhukumu kwa kutosimama mkuu wake apitapo koridoni, inafaa kujua kama mkuu huyo aliitikia salamu ya jana.

Mwezi Machi 2020, Tanzania ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona, watu walihimizwa kuepuka kushikana mikono. Mjini watu walihangaika, wakagongana viwiko na kupigana mateke mepesi ya miguu. Milimani Buha salamu isiyogusana ilikuwapo tayari: kusimama, kuinama kidogo, viganja viwili, swali na jibu, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Hiyo haikuwa mabaki ya makumbusho. Inafanya kazi ofisini, hospitalini na kwenye mkutano, inampa kila mmoja sauti, na haimlazimishi mwanamke kugusa mkono wa asiyemtaka. Shule za msingi zinazofundisha watoto kusimama na kuimba Shikamoo mwalimu zingeweza kuwafundisha hiyo pia, mradi mwalimu naye apige makofi ya kujibu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walio upande wa ndani wa dirisha, Kasulu, Kibondo na kila kituo cha kata hadi Kitanga. Mabango ya heshima kwa mteja yapo ya kutosha. Kesho asubuhi mtu wa kwanza akifika na kusema Mwakeye au Shikamoo, weka simu chini, mwangalie, mwitikie, muulize anaitwa nani. Halafu ndipo uombe namba yake ya fomu.